Wafuasi wengi, mauzo kiduchu: namna ya kurekebisha masoko ya mtandaoni ukianzia kwenye malipo

Ukurasa una maelfu ya wafuasi, tangazo limelipiwa mwezi mzima, kutwa watu wanauliza "bei gani?", lakini mwezi ukiisha pesa iliyoingia haitoshi hata pango la fremu. Wengi wakifika hapo huongeza bajeti ya matangazo au humbadilisha anayeposti. Mara nyingi dawa hizo hazifanyi kazi, kwa sababu zinagusa mwanzo wa safari ya mteja wakati wateja wanapotelea mwishoni, pale wanapotaka kulipa.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea. Unaanza na pesa iliyoingia, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye tangazo lenyewe. Mfano tutakaoutumia ni duka la viatu vya kike Dar es Salaam linalouza kupitia Instagram, Facebook na WhatsApp. Namba zake ni za mfano tu, weka zako. Kwa nguo, vipodozi au vyombo, mpangilio ni huo huo.

Kazi nzima inachukua wiki sita. Usiongeze bajeti kabla wiki hizo hazijaisha, hata ukishawishika vipi.

Hatua ya 1: Kusanya namba za siku 30

Chukua daftari au fungua Excel. Unahitaji vitu vitatu: taarifa ya malipo ya Lipa Namba pamoja na mauzo ya taslimu, orodha ya oda, na ripoti ya Meta Ads Manager (ukurasa wa kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram) ya siku hizo hizo 30. Andika mistari mitano:

1. Pesa iliyotumika kwenye matangazo, pamoja na kodi iliyokatwa. Isome kwenye risiti, kwa sababu bajeti uliyopanga na kiasi ulichokatwa huwa havilingani.
2. Watu walioandika ujumbe.
3. Waliojibiwa siku hiyo hiyo.
4. Walioendelea mpaka wakauliza namna ya kulipa au ya kupelekewa mzigo.
5. Waliolipa.

Duka letu la mfano lilitumia shilingi 300,000. Watu 400 waliandika, 250 wakajibiwa siku hiyo hiyo, 90 wakauliza habari za malipo au usafiri, na 24 wakalipa.

Likes, wafuasi wapya na idadi ya walioona posti viache kwanza. Si kwamba havina maana, ila havikuambii pesa imepotelea wapi. Kuwa mwangalifu pia na ile safu ya Ads Manager inayohesabu mazungumzo yaliyoanza. Aliyegusa tangazo akatuma ule ujumbe ulioandikwa tayari bila nia ya kununua anaweza kuhesabiwa humo, na muuzaji mwenzako anayepeleleza bei naye yumo.

Hatua ya 2: Jua mteja mmoja anakugharimu kiasi gani, na ukomo wako ni upi

Kiatu kinauzwa 45,000. Kununua ni 27,000. Mfuko, boksi na mchango wako kwenye usafiri ni 4,000. Inabaki faida ya 14,000 kabla ya tangazo. Gawanya pesa ya tangazo kwa waliolipa: 300,000 kwa 24 ni 12,500. Kwa hiyo kila kiatu kinakuachia 1,500, na mwezi mzima umepata 36,000.

Sasa pima njia mbili. Ya kwanza, ongeza bajeti mara mbili bila kugusa kitu kingine. Tuchukulie uwiano hautabadilika, ingawa kwa kawaida hushuka kidogo: utatumia 600,000, utapata wateja 48, na faida itakuwa 72,000. Ya pili, acha bajeti kama ilivyo, lakini kati ya wale 90 waliofika mlangoni mwa malipo, nusu yao walipe. Hao ni 45. Faida ghafi ni 630,000. Toa 300,000 ya tangazo, unabaki na 330,000.

Hesabu hii ndiyo sababu ya kuanzia mwisho. Kila mteja unayemuokoa karibu na malipo umeshamlipia tangazo. Unayemtafuta upya utamlipia tena.

Ukomo wako sasa unaujua: kwenye duka hili mteja mpya hatakiwi kugharimu 14,000, na lengo zuri ni nusu yake, 7,000. Andika namba hiyo juu ya daftari. Matangazo yote utayapima kwayo.

Hatua ya 3: Soma mazungumzo 50 yaliyokufa

Watu huiruka hatua hii kwa sababu inachosha, nayo ndiyo yenye majibu mengi kuliko zote. Fungua mazungumzo 50 ya mwisho ambayo hayakuishia kwenye malipo. Mbele ya kila moja andika sababu moja tu, ile iliyomfanya mtu anyamaze. Tumia orodha fupi: alichelewa kujibiwa, saizi au rangi haikuwepo, alishtuka bei ya kiatu, alishtuka gharama ya usafiri, aliogopa kutapeliwa, yuko mkoa au nchi usiyofikisha mzigo, hakuwa mteja. Kisha hesabu.

Tazama neno la mwisho la mteja kabla hajapotea. Ukikuta wengi wameishia "mko wapi?" au "naweza kulipa nikipokea?", hapo tatizo ni uaminifu, na picha nzuri zaidi haitalitibu. Wakiishia baada ya kuambiwa "delivery ni 10,000", tatizo ni kwamba gharama ilifichwa mpaka dakika ya mwisho. Wakiishia kwenye "nitakucheki", rudi juu kidogo, mara nyingi utakuta jibu lako lilichukua saa nne.

Hofu ya kutapeliwa inastahili muda wako zaidi ya sababu nyingine zote, maana mnunuzi wa mtandaoni ama ameshaumwa yeye, ama ana ndugu aliyeumwa. Anatafuta dalili ndogo ndogo, na hizi ndizo zinazomfukuza:

Jina la malipo halifanani na jina la duka. Mteja akiingiza Lipa Namba, simu inamuonyesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Ukurasa unaitwa kwa jina la duka, lakini pale linatokea jina la mtu asiyemjua. Wengi wanaghairi hapo hapo bila kukuambia. Sajili Lipa Namba kwa jina la biashara, au angalau mwambie mteja mapema: "Ukiweka namba, jina litakalotokea ni hili." Kenya pia, kwenye Till ya M-Pesa (namba ya kulipia dukani), jina la mwenye namba huonekana.

Hakuna mahali. Andika mtaa, jina la jengo, ghorofa na namba ya fremu. "Kariakoo" peke yake haimsaidii mtu. Kama huna fremu, unauzia nyumbani, sema hivyo na ueleze mzigo unachukuliwa wapi.

Mzigo wa mikoani hauna ushahidi. Ukituma kwa basi kwenda Mwanza au Mbeya, mpigie mteja picha ya kifurushi kikiwa na jina lake, risiti ya mzigo, na namba ya mtu wa mizigo upande wa kupokea. Ahadi ya kutuma picha hizo iandike kabla hajalipa, kwa sababu anaihitaji wakati bado anasita.

Kwa walio mjini, ruhusu kulipa mzigo ukifika, ila nauli ya bodaboda itangulie. Asiye na nia hatatuma nauli, na mwenye nia haoni shida kutoa 3,000 au 5,000. Utaratibu huu unalinda pande zote mbili.

Hatua ya 4: Tengeneza inboksi kabla ya kugusa tangazo

Tumia WhatsApp Business, si ile ya kawaida. Ni bure, na ina vitu vinne unavyovihitaji: salamu ya kwanza inayojituma, ujumbe wa kutokuwepo, majibu ya haraka unayoyaita kwa alama ya mkwaju (/), na lebo za kupanga wateja.

Andika jibu la haraka moja lenye kila kitu mteja anachouliza, ili asilazimike kuuliza mara tano:

"Karibu sana dada. Kiatu A12 ni 45,000, saizi 37 hadi 41 zipo, rangi nyeusi na kahawia. Tupo Kariakoo, fremu na ramani hizi hapa. Bodaboda Dar ni 3,000 hadi 6,000 kulingana na ulipo, mkoani kwa basi 5,000. Unaweza kulipa mzigo ukifika ukiwa Dar. Unavaa saizi ngapi, na upo maeneo gani?"

Mwisho wa ujumbe huo ni swali, na swali lenyewe linajibika kwa maneno mawili. Jibu linaloishia na "karibu tena" linamwachia mteja aondoke. Akiwa mama mtu mzima au kaka anayemnunulia mkewe, badilisha salamu; jibu la haraka si sababu ya kumwita kila mtu "dada".

Lengo la kasi: dakika 10 wakati wa kazi. Kama mtu mmoja anahudumia dukani na kujibu simu, hatafika. Panga zamu au punguza saa za tangazo. Mteja anayeandika saa tatu usiku akajibiwa saa nne asubuhi huwa ameshaandika kwenye kurasa nyingine tatu, kwa hiyo kulipia tangazo usiku bila mtu wa kujibu ni hasara ya wazi.

Weka lebo nne: "ameuliza", "ameahidi", "amelipa", "apewe taarifa saizi ikija". Aliyeahidi mkumbushe mara moja baada ya saa 24, na mara ya pili baada ya siku tatu, basi. Ujumbe wa tatu na wa nne ndio unaofanya watu wabonyeze kuripoti, na namba ikiripotiwa mara nyingi inaweza kufungiwa.

Orodha za WhatsApp za kutuma ujumbe mmoja kwa wengi (broadcast) zina masharti mawili yanayosahaulika: orodha moja haizidi watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombe aihifadhi. Na usinunue namba za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na zote zinakutaka uwe na sababu halali ya kuzitumia taarifa za mtu.

Hatua ya 5: Weka bei kwenye posti

"Bei njoo DM" inafanya inboksi ionekane imejaa huku ikikuharibia kazi. Wasio na uwezo wa bei hiyo wanakuja kukupotezea muda, na wenye uwezo lakini wasiopenda kubembelezana wanapita. Sababu inayotolewa kila siku ni kwamba wapinzani wataiona bei. Wapinzani wanaijua tayari; wameshakuandikia wakijifanya wateja. Ukiweka bei, watu watakaoandika watapungua, na hilo lisikuogopeshe: angalia waliolipa.

Kila posti ya bidhaa iwe na namba ya bidhaa, bei, saizi zilizopo na mahali. Picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 inachukua nafasi kubwa kwenye skrini. Video fupi iwe 1080 kwa 1920. Piga mchana karibu na dirisha, onyesha soli na mshono, na mguu ukiwa ndani ya kiatu. Maneno muhimu yaandikwe juu ya video, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Bidhaa ikiisha, andika imeisha.

Hatua ya 6: Fahamu mteja ametoka wapi

Bila alama, utajikuta unalisifia tangazo kwa kazi iliyofanywa na jirani aliyempeleka mtu dukani. Njia rahisi ni kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari. Kinaandikwa hivi: wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255 (bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele), kisha ?text= na maneno yako, nafasi kati ya maneno ikiwa %20. Tengeneza kimoja cha Instagram kinachosema "Habari, nimetoka Instagram", kingine cha Facebook, kingine cha TikTok. Mteja akigusa, maneno yanatokea yenyewe, nawe unaona ametokea wapi. Ukiwa na tovuti, ongeza alama za UTM (maneno ya mwisho wa kiungo yanayotaja mtu ametoka wapi) ili Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, itenganishe vyanzo.

Anayelipa muulize pia: "Ulituonea wapi?" Jibu liandike pembeni ya oda.

Kama una fremu, fungua Google Business Profile siku hiyo hiyo. Ni bure, na mtu anayetafuta "viatu vya kike Kariakoo" kwenye ramani yuko karibu zaidi na kununua kuliko anayepitisha picha usiku kitandani.

Hatua ya 7: Sasa rekebisha tangazo

Umefika wiki ya nne. Kwanza, acha kutegemea kitufe cha kubusti posti, tumia Ads Manager. Kubusti ni kwepesi, lakini kunakupa nafasi ndogo ya kuchagua lengo na kupima. Pia katika nchi kadhaa, ukibusti ndani ya programu ya iPhone, Apple huongeza ada ya 30%. Ukilipia kupitia kivinjari unaikwepa.

Lengo la kampeni ndilo linaloamua utaletewa watu wa aina gani. Mfumo ukiambiwa utafute likes, utatafuta watu wenye tabia ya kulike. Chagua lengo la kupata ujumbe wa WhatsApp, au mauzo ikiwa una tovuti yenye pikseli ya Meta (msimbo mdogo unaoripoti nani amenunua) inayofanya kazi.

Kosa linalokula pesa nyingi za wenye bajeti ndogo ni kugawa vipande. Meta inaeleza kwamba kila seti ya tangazo (kundi la matangazo lenye walengwa wake) inahitaji matokeo takriban 50 kwa wiki ili itoke kwenye kipindi cha kujifunza, yaani mfumo unapotafuta nani wa kumwonyesha. Kwenye duka letu ujumbe mmoja uligharimu 750 (300,000 kwa 400), hivyo seti moja inahitaji 37,500 kwa wiki. Bajeti ya 300,000 kwa mwezi ni kama 70,000 kwa wiki, yaani haifiki hata seti mbili kamili. Anayeigawa kwenye seti sita, wanawake wa Mbezi, wanawake wa Tegeta, wapenda mitindo, wapenda viatu, anazinyima zote. Weka seti moja, ndani yake matangazo matatu yenye picha tofauti kabisa.

Kwenye eneo, kama oda zako nyingi ni za Dar na mikoani unasuasua, lenga Dar pekee kwanza. Baadaye fungua mkoa mmoja mmoja kadiri unavyopata basi la kuaminika.

Ukishaliwasha, usiliguse kwa siku saba. Kubadilisha walengwa, picha au bajeti kwa kiasi kikubwa kunaurudisha mfumo kwenye kujifunza. Anayehariri kila asubuhi halioni tangazo lake likikomaa hata siku moja. Baada ya hapo, waliolipa wakishatosha kulinganishwa (tazama Hatua ya 8), zima picha iliyo ghali kwa kila aliyelipa, si kwa kila aliyeandika. Picha yenye ujumbe wa bei rahisi mara nyingi ndiyo inayoleta watu wa kuuliza tu.

Fuatilia pia mara ngapi mtu mmoja ameliona tangazo. Ikipita tatu au nne kwa wiki na gharama inapanda, watu wamelichoka. Badilisha picha, walengwa waache.

Hatua ya 8: Pima kwa haki

Kitu kimoja kwa wakati. Wiki ya kwanza hesabu na usome mazungumzo, ya pili inboksi na malipo, ya tatu bei na posti pamoja na viungo, ya nne tangazo, ya tano na ya sita pima. Ukibadilisha vyote Jumatatu, mauzo yakipanda au kushuka hutajua sababu.

Usilinganishe wiki ya kuelekea Idi na wiki ya katikati ya Januari, wakati wazazi wanalipa ada. Linganisha siku za mshahara na siku za mshahara. Na usifanye uamuzi kwa tofauti ya wateja watano dhidi ya saba; subiri angalau ishirini au thelathini kila upande, vinginevyo unasoma bahati.

Baada ya wiki sita, namba zitakuonyesha mojawapo ya mambo matatu. Kama gharama ya mteja imeshuka chini ya 7,000 na inboksi inajibu kwa wakati, ongeza bajeti kwa asilimia 20, kaa siku nne au tano, tazama, ongeza tena. Simama pale kasi ya kujibu inapoanza kushuka, hata kama tangazo bado linaleta watu. Kama gharama iko kati ya 7,000 na 14,000, bajeti ibaki. Rudi kwenye mazungumzo mengine 50 yaliyokufa, sababu ya kwanza imeshatibiwa na sasa ya pili itaonekana.

Kama bado inazidi 14,000, tatizo huenda si masoko. Faida ya bidhaa moja ni nyembamba mno kubeba tangazo. Uza viwili kwa pamoja, kiatu na pochi inayoendana nacho, ili usafiri mmoja na tangazo moja vibebe faida mbili. Au elekeza nguvu kwa waliokwisha kununua, ambao kuwafikia kwa WhatsApp hakukugharimu tangazo: mzigo mpya ukiingia, wao waone kwanza, saa 24 kabla haujawekwa Instagram. Bidhaa yenye faida ya 3,000 ipange dukani kwa wapita njia, uiondoe kwenye matangazo ya kulipia.